Daktari kasema nesi afanye: kazi ipi inatumwa, ipi haitumwi

Mwezi huu nimefungua meseji zenu nikakuta nyingi zinazunguka palepale, nani alipaswa kunifanyia hiki na kwanini kanifanyia mwingine. Wanaonifahamu wanajua kabla sijavaa joho la uwakili nilivaa gauni jeupe, nimekaa wodi ya wazazi na ya majeruhi miaka, kwahiyo hili swali nalijua pande zote mbili na linaniuma. Nimechagua sita, zilizobaki zinafanana na hizi. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Shikamoo anti. Mwanangu wa miaka 9 aligongwa na bodaboda hapa mtaani akachanika paja. Ilikuwa saa tatu usiku tukakimbilia zahanati moja ya binafsi, daktari alikuwepo, akamwangalia kama dakika mbili hivi akasema ashonwe akaenda zake chumbani, aliyekuja kushona ni kaka mmoja nikajua naye ni daktari, kumbe kesho yake jirani ananiambia yule ni mhudumu tu, ndo anayefagia na kubeba vipimo. Baada ya siku nne kidonda kikaota usaha, tukaenda hospitali ya Temeke wakakifungua upya wakakuta kokoto ndani. Daktari anaruhusiwa kumpa mhudumu kazi ya kushona mtu? Na nikidai, nidai nani? Mama Wawili, Mbagala

Marahaba mwanangu, na pole sana, mtoto naye mpe pole yangu.

Watu wengi wanadhani kuna karatasi mahali imeandikwa hii kazi ya daktari, hii ya nesi, hii ya mhudumu, mstari kwa mstari. Kwetu haiko hivyo. Kilichopo ni kwamba kila fani ina sheria yake na baraza lake, madaktari na madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi wana sheria ya mwaka 2017 chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi na wakunga wana ya 2010 na baraza lao, wafamasia wana ya 2011, watu wa maabara wana ya 2007. Baraza linamsajili mtu kwa kile alichosomea na linampa leseni ya kukifanya. Sasa daktari akimwambia mtu "nenda kashone", lile neno lake haligeuki kuwa leseni. Daktari anaweza kutuma kazi kwa mtu ambaye tayari anaruhusiwa na anaiweza, hawezi kumtengeneza mshonaji pale pale mlangoni kwasababu kuna foleni au kwasababu anataka kwenda kula.

Kushona kwenyewe si kazi ya daktari peke yake, hilo nalo tuliweke sawa. Tabibu, yaani clinical officer, anashona, nesi aliyefundishwa anashona, na mi mwenyewe nimeshona vidonda vingi sana enzi zangu. Ila uzi ni kitu cha mwisho kabisa. Kabla ya uzi kuna kuosha kidonda kwa maji mengi, kuna kutafuta mchanga na kokoto na vioo, kuna kumwambia mtoto chezesha vidole vya mguu na kumgusa huku umemficha macho asione, maana kano ikikatika au mshipa wa fahamu ukiguswa utaujua hapo, kuna kupiga hesabu ya ganzi kwa kilo za mtoto kwasababu ganzi ikizidi inaweza kumtia degedege au kuusumbua moyo, kuna kuuliza chanjo ya pepopunda, na kuna uamuzi mmoja mgumu kuliko yote, kwamba hiki kidonda kilichoburuzwa barabarani tukifunge leo au tukiache wazi siku kadhaa kwanza kisafike. Huo ndo udaktari wa kidonda. Mhudumu hajafundishwa hata kimoja kati ya hivyo, na simlaumu sana yule kaka, ametumwa na bosi wake saa tatu usiku, angesema nini? Ingawa na yeye alipaswa kusema siwezi.

Kwahiyo jibu la kwanza, hapana, haikuwa halali. Jibu la pili, anayebeba mzigo si yule kaka peke yake. Daktari aliyesema ashonwe akaondoka ana makosa yake mwenyewe mawili, kwanza dakika mbili hazitoshi kupima paja la mtoto aliyegongwa, pili amemchagua mtu asiyefaa na hakurudi kuangalia kazi. Na mwenye zahanati anawajibika kwa makosa ya watu wake wakiwa kazini, hiyo ni kanuni ya sheria ya siku nyingi. Kanuni ya Adhabu nayo inamgusa mtu anayemtibu mwenzake kwa uzembe mpaka akahatarisha uhai wake, hiyo ni jinai na ni jambo la polisi.

Sasa ufanye nini? Karatasi ya Temeke usiipoteze, na kama hawakuandika humo kwamba walikuta kokoto rudi uwaombe kwa upole waandike, hiyo ndo nguvu yako. Piga picha kidonda kila siku. Andika tarehe, saa, sura ya daktari na ya yule kaka, jirani yako aandike anachojua. Anza kwa barua kwa mganga mfawidhi wa hiyo zahanati, nakala kwa Mganga Mkuu wa Manispaa, alafu malalamiko dhidi ya daktari yaende Baraza la Madaktari, wao wanaweza kumwita kumhoji, kumpa onyo, kumsimamisha au hata kumfuta kwenye daftari. Baraza halikulipi fidia, ya fidia ni mahakamani, na madai ya namna hii yana muda wa miaka 3, usikae ukasema nitaenda mwakani. Ingekuwa ni kituo cha serikali ungetakiwa kwanza utoe notisi ya siku 90, hii ni ya binafsi kwahiyo hiyo haikuhusu.

Anti mambo, mi nauza duka la dawa muhimu huku Kimara, nina cheti changu kabisa. Kuna dokta ana kliniki mtaa wa pili, anaandika sindano alafu anawaambia wagonjwa nendeni pale kwa dogo atawachoma, kwake kuna foleni. Ameandika yeye na sahihi yake, kuna shida? Dogo, Kimara

Poa mwanangu. Shida ipo tena kubwa, acha leo. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano, kupima magonjwa wala kumlaza mtu hata kwenye benchi la nyuma, na Baraza la Famasi wakikukuta wanakufungia wewe, hawaendi mtaa wa pili. Ile sahihi ya dokta ni maelekezo ya dawa, si kibali cha duka lako kugeuka wodi. Fikiria mtu amechomwa penisilini pale kwenye kaunta yako mwili ukaikataa, koo likavimba, presha ikashuka, una adrenalini? Una oksijeni? Na huyo dokta yuko na foleni yake. Nimeona mtu akienda hivyo ndani ya dakika chache mbele ya macho yetu tukiwa hospitali na kila kitu mkononi, na ilikuwa kazi kumrudisha. Mwambie dokta kwa heshima, "mzee mi nauza dawa tu, wachomee huko huko."

Anti wakili, shikamoo. Mke wangu ana mimba ya pili, kituo cha afya tunakohudhuria wamesema atafanyiwa operesheni. Nimeulizia nikaambiwa atakayepasua si daktari kamili ni daktari msaidizi, na wa nusu kaputi ni nesi. Moyo umekataa. Naomba unishauri, nikatae? Baba Naim, Tabata

Marahaba baba. Hofu yako naielewa, mke ni wako na mtoto ni wako, lakini hapa nakuomba tulia, kesi yako na ya mama wa Mbagala hazifanani kabisa.

Daktari msaidizi si mtu aliyetumwa na daktari. Ni fani yenyewe, nchi hii ilianza kuwafundisha miaka ya 60, mtu alisoma utabibu, akafanya kazi, akarudi shule akaongezewa na upasuaji wa uzazi ndani yake, na kwa miongo mingi hao ndo walioshika visu kwenye hospitali za wilaya Tanzania nzima usiku na mchana. Kuna uchunguzi ulichapishwa mwaka 2009 uliofanyika hospitali za Mwanza na Kigoma, wakalinganisha operesheni za uzazi zilizofanywa na madaktari wasaidizi na zile za madaktari wenye digrii, matokeo kwa mama na mtoto hayakuonyesha tofauti ya maana. Na nesi wa usingizi ni hivyo hivyo, amesomea usingizi baada ya uuguzi, sehemu kubwa ya operesheni za nchi hii wanaolaza na kuamsha watu ni wao. Kazi hiyo wanaifanya kwa elimu yao na leseni yao.

Kwahiyo acha kuuliza "ni daktari kamili?", uliza hivi, anayepasua amesajiliwa na baraza gani na amesomea upasuaji huu? Wa usingizi amesomea usingizi au ni nesi wa kawaida ameazimwa wodini? Damu ipo? Ikitokea kuvuja sana tunapelekwa wapi na gari liko wapi? Ukijibiwa vizuri hayo manne kaa na amani. Wakikwepa la pili, hapo ndo uombe rufaa hospitali ya Amana, na una haki ya kuomba.

Alafu kuna fomu ya ridhaa. Hapa ndo mi huwa nagombana na watu. Mara nyingi fomu inaletwa na mwanafunzi au nesi wa zamu, "mama saini hapa", mama ana uchungu hata kusoma hawezi. Sahihi ya namna hiyo ni wino tu. Kueleza kwanini unapasuliwa, hatari zake ni zipi, usipopasuliwa itakuwaje, hiyo ni kazi ya anayepasua au mtu anayeijua operesheni hiyo vizuri kiasi cha kujibu maswali yako, na hata akieleza mwingine, mwenye kisu anatakiwa ahakikishe mgonjwa ameelewa. Nesi anaweza kushuhudia sahihi. Kueleza kitu asichokifanya yeye, hapana. Mwambie mke wako asisaini mpaka amuone uso anayempasua na amemwuliza maswali yake, kama si dharura ya dakika dakika.

Na kwanini nasema amuone uso? Wakubwa mnakumbuka mwaka 2007 pale taasisi ya mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili jina la kwanza moja, mmoja wa goti mwingine wa kichwa, wakapishanishwa, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ilishtuka. Mle ndani kila mtu alidhani mwenzake ameshahakikisha, aliyeleta kitanda, aliyeshika faili, aliyelaza. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya usalama ya chumba cha upasuaji, kabla ya kisu watu wote wanasimama, jina la mgonjwa linasemwa kwa sauti, sehemu inayopasuliwa inasemwa kwa sauti. Anayepasua hawezi kumtuma mtu mwingine ajue kwa niaba yake kwamba huyu ndiye. Na mgonjwa akiwa macho, kama kwenye sindano ya mgongo, aseme jina lake mwenyewe.

Dada, naomba jina langu lisitoke. Mi ni nesi mkunga, wodi ya wazazi. Daktari wa zamu usiku mara nyingi hayupo, anasema yuko njiani kumbe yuko kliniki nyingine. Ananiambia kwenye WhatsApp nianzishe dripu ya uchungu kwa mama ambaye hajamuona, juzi ilikuwa mama mwenye kovu la operesheni ya zamani. Pia anaacha karatasi za dawa na za ED (ruhusa ya mgonjwa kutokwenda kazini) amesaini tupu, tujaze wenyewe akichelewa. Nikikataa nasemwa mimi ndo mwenye kiburi. Likitokea la kutokea, la nani? Mkunga, Dar

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Wewe nitakujibu kwa urefu.

Oksitosini, dawa ya hiyo dripu ya uchungu, unaijua kuliko mimi saivi. Mtoto akishatoka, unamchoma mama uniti 10 kuzuia damu, hapo humpigii mtu simu, humsubiri mtu, ni kazi yako ya ukunga, umefundishwa, na ukimsubiri daktari mama atavuja uwe wewe ndo umekosea. Sasa dawa hiyohiyo, kichupa hichohicho, ukiitia kwenye dripu kuongeza uchungu kwa mama mwenye kovu ambaye hajapimwa na mtu wa kuamua, ni jambo jingine kabisa, kovu linaweza kuachia, mji wa mimba ukapasuka, ukapoteza wawili. Ndo maana huwa nawaambia watu wasiangalie sindano, waangalie uamuzi. Kuchoma ni kwa mkono, na mkono unatumwa. Kuamua kwamba mama huyu mwenye kovu hili, njia imefunguka hivi, mtoto kakaa hivi, aongezewe uchungu badala ya kupelekwa kupasuliwa, huo ni uamuzi wa aliyempima kwa mikono yake, na haupiti kwenye simu.

Kwa hiyo oda ya simu ina mahali pake. Mgonjwa daktari kamuona jioni, anamjua, homa imepanda usiku, anakwambia ongeza hiki, hiyo sawa. Unachotakiwa kufanya ni kumrudishia maneno yake, "nimesikia dawa fulani, kiasi fulani, njia ya mshipa, sawa?", alafu unaandika kwenye faili saa, jina lake, maneno yake na sahihi yako wewe kama mpokeaji, akifika asaini chini yake. Usiandike kama vile yeye alikuwepo. Hata siku moja. Siku mambo yakiharibika faili litasema daktari alikuwepo saa nane usiku na alimpima mama, na mwandiko ni wako, utaeleza nini?

Umeuliza la nani. La wote wawili, na nakwambia ukweli huo kwa uchungu kwasababu najua anayekamatwa kwanza ni nani, ni aliyekuwa wodini. Kusema "nilitumwa na daktari" kunapunguza lawama, hakuifuti, maana baraza lako litakuuliza wewe kwa leseni yako, ulijua kovu lipo? Ulijua hatari? Mbona ulianza? Na yeye ataulizwa na baraza lake kwanini alitoa oda kwa mgonjwa asiyemuona na kwanini hakuwepo zamu. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi za madai zimetoka, kuna kesi ya miaka ya 80 ya mtoto njiti, daktari mdogo aliingiza mpira kwenye mshipa wa vena badala ya ateri, mashine ikawa inasoma oksijeni vibaya na mtoto akaongezewa kupita kiasi. Mahakama ya rufaa kule ilisema ugeni wa kazi si kinga, kiwango kinapimwa kwa nafasi uliyosimama, siyo kwa miaka uliyonayo, isipokuwa yule mgeni akiomba aliyemzidi aje amuangalie amefanya la kwake. Hiyo mi huwa naichukua kama msaada kwa watu kama wewe. Kuita ni kazi. Ukiita, andika kwamba umeita, saa ngapi, mara ya kwanza, ya pili, nani alijibu nini. Asipokuja panda juu, mganga mfawidhi, matroni, mwamshe, aamke.

Na kukataa unaruhusiwa. Unakataa kwa maneno ya kazi, sio ya ugomvi, "daktari huyu mama ana kovu, sitaanza mpaka umpime, naandaa chumba cha upasuaji wakati unakuja." Hapo umekataa na umefanya kazi kwa wakati mmoja. Meseji za WhatsApp usizifute, ila na picha za mgonjwa na jina lake usizitume kwenye magrupu, kutoa siri ya mgonjwa ni kosa lingine.

Sasa karatasi zilizosainiwa tupu. Hilo halina mjadala, ni kosa. Sahihi ya daktari inasema nimemuona mtu huyu na nimeamua hivi, sasa kama mtu hakuonwa ile karatasi ni ya uongo, na anayeijaza ameshiriki uongo. ED ikipelekwa kazini kwa mwajiri, au karatasi ikipelekwa bima, tumeingia kwenye kughushi. Usijaze hata moja. Zile zilizopo mrudishie mkononi, mbele ya mtu.

Nakuonea huruma mdogo wangu, najua ukirudi kesho zamu ni ile ile na watu ni wale wale. Mkiwa watatu wanne mkaandika barua moja kwa matroni mkaeleza usiku gani na gani daktari hakuwepo, ni vigumu mtu kusema nyie wote mna kiburi.

Habari anti. Mdogo wangu ni nesi Ujerumani, ananiambia huko nesi haruhusiwi vitu vingi ambavyo huku manesi wetu wanafanya, hata kuanzishia mtu dawa. Ina maana sisi tunatibiwa kienyeji? Anna, Sinza

Nzuri mwanangu. Hapana, si kienyeji, ni njia mbili.

Ujerumani wamejenga kila kitu kumzunguka daktari. Mwaka 2013 umoja wa madaktari wa bima na mifuko ya bima ya afya walikubaliana kwa maandishi ni vitu gani daktari wa kliniki anaweza kumpa msaidizi wake, kutoa damu, kuchoma sindano ya msuli, kufunga kidonda, kupima moyo kwa mashine. Na upande wa pili vipo visivyotoka mkononi mwake, kumpima mgonjwa, kuamua ugonjwa ni upi, kumweleza mgonjwa na kumshauri, kuchagua tiba, na upasuaji wenyewe. Anachotuma bado kinahesabika amefanya yeye, na kabla ya kutuma anatakiwa amchague mtu, amuelekeze na amsimamie.

Sisi tungefuata hivyo neno kwa neno, zahanati nyingi za nchi hii zingefungwa kesho asubuhi, maana hakuna daktari wa digrii pale, kuna tabibu na nesi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 likatoa mwongozo kuhusu kugawana kazi kwa nchi kama zetu, hasa wakati ule wa ukimwi watu wakiwa wengi na madaktari wachache, na wizara yetu ikatoa mwongozo wake wa kugawana majukumu mwaka 2016. Ndo maana leo nesi aliyefundishwa anamwanzishia mtu dawa za ARV na anamwendeleza, na mikoa kama Iringa manesi wamefanya tohara za kitabibu kwa wingi. Wamefundishwa, wanasimamiwa, mgonjwa mgumu anapelekwa juu. Ukiondoa hayo matatu ukabaki na "nesi afanye tu daktari hayupo", hapo ndo mi naungana na mdogo wako wa Ujerumani, na nashukuru umeuliza kwasababu wakubwa wa hospitali zetu wanapenda kusema kugawana majukumu wakati kilichopo ni upungufu tu umefunikwa jina zuri. Mafunzo yenyewe yana karatasi. Uliza, "amefundishwa wapi, lini?" Kama hakuna jibu basi hakuna mgawanyo wa kazi hapo.

Anti, baba yangu amelazwa, usiku nakaa naye mimi. Nesi mmoja wodi nzima. Kaniambia dripu ikiisha chomoa tu uniwekee hapo mezani, na nyingine nibadilishe mwenyewe. Nimefanya mara mbili mikono inatetemeka. Ni sawa? Jose, Gongo la Mboto

Pole Jose, na baba apate nafuu. Si sawa, na nesi naye yuko peke yake na wagonjwa labda arobaini, hilo naliona pia. Ndugu anaweza kumlisha mgonjwa, kumgeuza, kumfuta, kumpeleka chooni, kuangalia dripu inashuka au imesimama na kupiga kelele. Kubadilisha chupa hapana, kwasababu chupa mbili zinaweza kufanana rangi ndani dawa tofauti, na kuna zenye dawa ambayo ikishuka haraka moyo unasimama. Damu ndo usiiguse kabisa, ile inasomwa na wataalamu wawili pale kitandani, jina na namba ya chupa, kabla haijafunguliwa.

Usiku wa leo fanya hivi. Mapema, kabla hajazidiwa na kazi, mwombe nesi akuonyeshe kile kigurudumu kwenye mpira wa dripu. Ikikaribia kuisha kizungushe ubane, sindano iache palepale mkononi mwa baba, nenda kamwite. Akikwambia nakuja na asije baada ya robo saa, nenda tena, hatakuchukia. Na asubuhi daktari akipita raundi mwambie wewe mwenyewe kwamba mara mbili umebadilisha dripu, mwambie zilikuwa chupa gani na saa ngapi, ili aangalie kama baba amepata alichoandikiwa.